Gari Lililopumua kwa Mdomo Wazi

Kosa ninalokusudia kulifichua hapa ni kiburi cha mtu mzima anayetaka kusikika kabla hajafika. Nalitaja mapema, tena kwa jina lake, ili msomaji asidhani kwamba nitazunguka nalo mtaani na mwishowe kulitua mlangoni pa jirani. Lilikuwa langu. Nililinunua kwa hiari, likafungwa kwa klampu chini ya boneti ya gari langu, na kwa miezi mitatu nililiendesha katika barabara za Tunduma nikiamini kwamba ni nguvu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, na katika mji wetu mwalimu aliyefikisha umri wangu huombwa mara kwa mara asimame mbele ya watu awaeleze walivyopotoka. Sikuwahi kukataa. Nimewaasa maharusi, wahitimu, wanakwaya na, siku moja ya mvua, mkutano wa wauza nyanya. Hotuba niliyoipenda kuliko zote ilihusu vijana wa bodaboda wanaotoboa ekzosi za pikipiki zao ili zilie kama bunduki. Niliitoa kanisani, nikairudia kwenye mahafali, na hoja yake kuu ilikuwa kwamba mtu mwenye safari ya maana hana haja ya kuitangaza kwa wagonjwa na watoto wachanga. Watu waliitikia kwa vichwa. Nami nilirudi nyumbani nimeshiba.

Wakati huo gari langu lilikuwa gari dogo la Kijapani, la umri wa kuheshimika, lisilo na kosa wala sifa. Lilinipeleka shuleni na kunirudisha. Katika mji ambao malori ya kwenda Zambia na Kongo hujipanga kilomita nzima yakinguruma, hakuna aliyegeuza shingo kulitazama, na nilijiambia kwamba hiyo ndiyo staha.

Staha yangu ilidumu mpaka jirani yangu, wakala wa forodha mwenye umri wa kuwa mdogo wangu wa mwisho, aliponunua gari la aina ileile, la rangi ileile, akanipita kwenye mwinuko wa karibu na Mpemba kwa kishindo kilichonifanya nishike usukani kwa mikono miwili. Kesho yake asubuhi alinikuta getini.

"Shikamoo mwalimu. Jana nilikupita pale Mpemba. Sikutaka kukuvunjia heshima."

"Marahaba. Hukunivunjia. Sikuwa na haraka."

"Haraka ulikuwa nayo, mwalimu. Nilikuona kwenye kioo umekunja uso." Akainua boneti ya gari lake bila kuombwa. "Tatizo lako ni hili. Gari lako linavutia hewa ndani ya boksi, kama mtu aliyejifunika blanketi. Langu nimelifungulia pua."

Mahali ambapo gari langu lilikuwa na boksi jeusi la plastiki lenye kichujio cha karatasi ndani, kile ambacho mafundi wetu huita eya klina, gari lake lilikuwa na koni nyekundu iliyo wazi kabisa, imekaa juu ya bomba linalong'aa kama sufuria mpya. Akawasha injini, akavuta waya wa mafuta kwa kidole. Koni ile ikavuta pumzi kwa mvumo mzito, kama fahali aliyekasirishwa.

"Nguvu imeongezeka?" nikamwuliza.

"Sikia mwenyewe."

"Nauliza nguvu, si sauti."

"Mwalimu, ukishasikia hivyo, utauliza nguvu ya nini tena?"

Jibu hilo, lingeandikwa na mwanafunzi wangu, ningelipitishia kalamu nyekundu. Jumamosi iliyofuata nilivuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kutafuta koni yangu.

Kuvuka kwenda Nakonde kununua kifaa cha gari si safari kwetu sisi. Ni kama kwenda upande wa pili wa soko. Muuzaji, aliyekuwa fundi pia, alinipokea kwa salamu ya kwao, "Mwaiseni, batata," karibu baba, kwa upole ambao wauzaji wa Tunduma wamekwisha kuuacha. Akanionyesha koni. Akanieleza kwamba kitambaa chake ni cha pamba, na kwamba pamba hiyo hupakwa mafuta maalumu kidogo ili yanase vumbi. Akapaka. Nikamtazama nikaona anabania.

"Ongeza," nikasema. "Barabara zetu zina vumbi."

"Yatosha, batata. Yakizidi yatasafiri."

"Yasafiri kwenda wapi? Ongeza."

Akaongeza, kwa uso wa mtu anayemtii mteja. Nikasema aongeze tena. Mimi ni msomaji, na msomaji hushawishika kirahisi kwamba anachokifahamu tangu nusu saa iliyopita anakifahamu kuliko aliyekifanyia kazi nusu ya maisha yake. Alipomaliza, alilichukua lile boksi la zamani pamoja na karatasi yake, akaliweka kwenye buti la gari langu. Nikamwambia angeweza kulitupa. Akajibu kwamba yeye hatupi kitu cha mtu.

Nyumbani nilisoma kijitabu kilichokuja na koni. Kilionya, kwa herufi ndogo, kwamba mafuta yakizidi huvutwa na hewa na kutua kwenye sensa, yaani uzi mwembamba ulio ndani ya bomba ambao huipimia injini hewa inayoingia. Niliona kwamba mwandishi wake ni mtu mwenye woga, nikakifunga.

Siku za kwanza nilikuwa mtu mwingine. Nilipoondoka shuleni, madirisha ya darasa la kidato cha pili yalitetemeka, na niliyaona hayo kuwa dalili ya nguvu. Nilipofika kijiweni pa bodaboda, wale vijana wa hotuba yangu walinyanyuka wote kwa pamoja.

"Shikamoo mwalimu. Na wewe umetoboa?"

"Sijatoboa. Nimeweka kichujio cha kisasa."

"Ni yaleyale, mwalimu," akasema mmoja, "ila yako ni ya wasomi."

Wakacheka. Nilicheka nao kidogo, kwa huruma, kama mtu anayewahurumia wasiojua tofauti. Tofauti yenyewe, leo naweza kuieleza bila aibu kwa sababu aibu imekwisha kulipwa. Wao walitoa kelele mahali hewa inapotokea. Mimi niliitoa mahali inapoingilia. Lile boksi la plastiki nililolidharau halikubuniwa kuibana injini pumzi. Vyumba vyake vimepimwa ili vinyamazishe mngurumo wa uvutaji, na pua yake ndefu hupita hadi karibu na taa ya mbele ili kuchota hewa baridi ya nje. Hewa baridi imeshikana, na hewa iliyoshikana huiwezesha injini kuchoma mafuta yake vizuri. Mimi nililing'oa boksi, nikaiweka pua ya gari jikoni, chini ya boneti, ivute hewa iliyokwisha kupashwa moto na injini yenyewe. Nilichoongeza ni sauti. Nguvu ilipungua, lakini ilipungua kwa kishindo kikubwa kiasi kwamba sikuweza kuisikia ikiondoka.

Mke wangu aliisikia. Tulikwenda Vwawa na kurudi, nikiendesha kwa fahari, na tulipofika nikamwuliza kama ameona tulivyowahi. Akatazama simu yake.

"Tumetumia muda uleule, baba watoto. Ila safari hii kichwa kinaniuma."

Baada ya wiki kadhaa akaongeza jambo la pili. Kila nilipoacha gari likinguruma uani, nguo zilizoanikwa zilinuka petroli. Alizifua tena mara mbili bila kusema. Mara ya tatu alihamishia kamba nyuma ya nyumba, karibu na banda la kuku, akasema kuku wana harufu ya kawaida. Kwenye dashibodi, taa ndogo ya njano yenye umbo la injini ilikuwa imewaka. Nilidhani gari limetambua hadhi yake mpya.

Hapo ndipo ilipokuja habari ya mama mkwe wangu.

Mama mkwe ni mjane wa Ibaba, huko juu katika milima ya Ileje, ambako ukungu huingia ndani ya nyumba bila kubisha hodi. Kwa miaka mingi yeye na marehemu mumewe walikuwa na mashine ya kusaga nafaka, ya dizeli, na mzee alipofariki aliiendesha mwenyewe mpaka macho yalipoanza kumwacha. Jicho la kushoto lilikwisha kufunikwa kabisa na mtoto wa jicho. La kulia lilibaki na upenyo mdogo, naye alisema anaona watu kama nguo zilizoanikwa. Tulipata taarifa kwamba daktari bingwa wa macho angefika katika hospitali moja upande wa Mbozi, kwa siku moja tu. Jina la mama lilikuwa kwenye orodha. Masharti yalikuwa mawili: awe amefika kabla ya saa nne asubuhi, na asiyefika nafasi yake anapewa mwingine. Ziara nyingine ya daktari haikujulikana ingekuwa lini, na jicho la kulia halikuwa na subira ya kungoja.

Nikasema nitampeleka mwenyewe. Jirani alikuwa amemwambia mke wangu kwamba yuko tayari kutuazima gari la kazini kwake, lile la juu, la magurudumu makubwa. Nilikataa kwa heshima. Nilisema gari langu sasa lina nguvu za kutosha.

Tulifika Ibaba mchana wa siku ya kutangulia. Wapita njia wote walipisha kabla hatujawaona, na mbwa wa kata nzima walitusindikiza. Mama mkwe alikuwa amekaa nje juu ya kigoda, khanga imefunika kichwa, uso ameuelekeza upande tofauti na mahali nilipo.

Lazima nieleze desturi. Katika familia ya mke wangu, na kwa wazee wengi wa rika la mama yake milimani kule, mama mkwe na mume wa binti yake hawazungumzi uso kwa uso. Hawali pamoja, hawapeani mkono, na mmoja akiwa na neno kwa mwingine hulipitisha kwa mtu wa tatu, hata kama wote watatu wamesimama chini ya paa moja. Ni heshima, si uadui. Katika miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa sijaambiwa na mama mkwe neno hata moja lililonielekea mimi, na nilikuwa nimeizoea heshima hiyo kiasi cha kuiona ni starehe.

Asubuhi saa kumi na mbili tulimpakia. Alikaa kiti cha nyuma, nyuma ya kiti changu, ili nisimwone kwenye kioo. Mke wangu alikaa mbele, kama mkalimani. Kwenye buti yaliingia mayai: mama alikataa katakata kwenda kwa mtu atakayemshika jicho akiwa mikono mitupu. Mke wangu alitafuta kitu cha kuyawekea yasipasuke kwenye makorongo, na kitu pekee kilichokuwa na mfuniko na vibanio vinavyoshika sawasawa kilikuwa lile boksi jeusi la plastiki. Akatandika chini kile kichujio cha karatasi kama godoro, akapanga mayai juu yake, akafunga. Nilimsifu kwa ubunifu. Nilifurahi kwamba hatimaye lile boksi limepata kazi linayoiweza.

Barabara ya kushuka kutoka Ibaba ni ya vumbi, na asubuhi ile magari mawili ya viazi yalitutangulia. Tulitembea ndani ya wingu lao. Koni yangu ililivuta wingu lile kwa mngurumo wa shangwe. Nyuma yangu, katikati ya kelele, nilisikia mama akisema jambo.

"Anasemaje?" nikamwuliza mke wangu.

Mke wangu akageuka, akasikiliza, akanigeukia. "Anauliza gari limepasuka nini."

"Mwambie halijapasuka. Hiyo ni sauti ya nguvu."

Akamwambia. Ilimbidi apaze sauti mara mbili. Jibu lilirudi baada ya kona.

"Anasema mashine yao ilisaga mahindi ya vijiji vitatu na haikulia hivyo."

"Mwambie ile ni mashine. Hili ni gari."

"Baba watoto, hilo nitalisema mwenyewe au utanisaidia kupiga kelele?"

Tukakaa kimya, sisi watu watatu. Gari ndilo lililozungumza. Heshima ile ya miaka mingi, iliyotaka maneno yapite polepole kutoka kinywa hadi kinywa, ilikuwa haipitiki tena. Mara mbili mama alisema neno na mara mbili mke wangu alishindwa kulipata. Baadaye niliambiwa maneno yenyewe. La kwanza lilikuwa kwamba ananusa petroli. La pili lilikuwa kwamba injini inaruka mapigo.

Tulipofika kwenye lami nilikanyaga mafuta kwa imani. Saa ilionyesha saa mbili na dakika chache, muda ulitosha. Kisha ukaanza ule mlima mrefu wa kutoka bondeni kuelekea Mpemba. Gari lilinguruma zaidi kuliko siku zote na kwenda polepole zaidi kuliko siku zote. Nikashusha gia. Likakohoa. Nikashusha gia nyingine. Lori la makaa ya mawe lililokuwa nyuma yetu likatupita, dereva wake akitutazama kwa masikitiko, kisha likatupita trekta. Baiskeli haikutupita kwa sababu mwenye baiskeli alikuwa anaikokota. Tulikuwa naye sambamba kwa muda, akanisalimu, tukaachana kwa tabu.

Katikati ya mlima gari lilitetemeka, likapiga mshtuko mara tatu, likazima. Niliwasha, likazima. Niliwasha tena na kukanyaga mafuta hadi mwisho. Lilitoa mvumo wa fahali na likabaki palepale.

"Saa ngapi?" nikauliza.

"Saa mbili na nusu imepita," akasema mke wangu. Aliangalia barabara, kisha akageuka kumwangalia mama yake, na niliuona uso wake. Ni uso ambao sitaki kuuona tena. Hapakuwa na gari la abiria la kusubiri, simu haikushika mtandao, na nyuma yangu alikaa mwanamke ambaye jicho lake la mwisho lilikuwa linafungwa na ujinga wangu.

Niliwasha kwa mara ya nne. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya shingo yangu, tulivu, kwa Kiswahili, na haikupitia kwa mtu.

"Mkwe. Zima."

Nikazima. Mkono wangu ulibaki kwenye ufunguo.

"Nifungulie mlango," akasema mama mkwe. "Kisha ufungue kifuniko cha mbele. Nataka kulisikia gari likiwa wazi."

Nilifungua vyote viwili. Alishuka akiwa ameshika bega la binti yake, akaja hadi kwenye boneti, akasimama kama nilivyowahi kuambiwa kwamba alisimama mbele ya mashine yake: kichwa kimeinama upande, macho yamefumbwa, kwa kuwa hayakuwa na kazi hapo. Akaniambia niwashe na nisikanyage. Gari likawaka kwa kusitasita. Akanyoosha kiganja taratibu, akifuata mvumo, hadi karibu na koni, akakiacha hapo.

"Hewa hii ni ya moto," akasema. "Injini yako inakunywa hewa iliyokwisha kupikwa. Nani ameivua kofia yake?"

"Kofia gani, mama?"

"Kopo la hewa. Kila injini huja na kopo lake. Kwetu kijana mmoja wa kusaga alilivua akasema mashine italia vizuri. Ililia vizuri wiki moja, kisha ikala vumbi, ikafa. Liko wapi?"

Nilitafuta jibu la kitaalamu. Mke wangu alikuwa na jibu fupi zaidi.

"Ndilo hilo lenye mayai, mama."

Mama mkwe aligeuzia uso upande wa buti. Kisha akasema, bila kupaza sauti, "Yatoeni mayai."

Mayai yakahamia ndani ya kofia yangu na ndani ya khanga ya mke wangu. Nilitoa bisibisi, nikalegeza klampu, nikaivua ile koni nyekundu. Ilikuwa imelowa, na juu ya mafuta yale vumbi la Ibaba lilikuwa limeganda kama ugali uliosahauliwa jikoni. Ndani ya bomba, ile sensa ambayo mwandishi mwenye woga aliniandikia habari zake ilikuwa imepakwa utando wa mafuta na vumbi. Ilikuwa ikiipimia injini hewa kama mtu anayepima chumvi kwa kijiko chenye asali. Ndiyo sababu injini ilipewa petroli kupita kiasi ikiwa imesimama, na kunyimwa ikiwa inapanda. Nilimweleza mama hayo kwa unyenyekevu. Nilipofika kwenye neno sensa alinikatiza.

"Kiuzi hicho kimelowa mafuta?"

"Kimelowa, mama."

"Usikishike kwa kidole wala kitambaa. Kioshwe kwa kitu kinachokauka chenyewe. Mwanangu, nipe ile spiriti yangu ya magoti."

Chupa ya spiriti aliyojisugulia magoti ilikuwa kwenye mkoba wake. Nilidondosha matone kwenye uzi ule, nikangoja, nikadondosha tena, rangi ya kahawia ikatiririka. Tulingoja ikauke. Zilikuwa dakika ndefu. Mama alisimama kando ya barabara uso ameuelekeza kwenye jua, na hakuuliza saa; mimi ndiye niliyeuliza, mara tatu. Kisha niliichomoa sensa kwenye bomba, nikairudisha mahali pake pa zamani kwenye mfuniko wa boksi, nikakung'uta kichujio cha karatasi, nikapuliza unyoya mmoja wa kuku uliokuwa umenasa, nikafunga vibanio. Saa tatu kasorobo nilibana klampu ya mwisho.

"Sasa washa," akasema.

Nikawasha. Palikuwa na kimya cha namna fulani, kimya chenye mtetemo mdogo ndani yake. Nilidhani limezima, nikataka kuwasha tena.

"Acha," akasema. "Limeshawaka. Hilo ndilo gari. Twende."

Tulipanda mlima ule kwa gia ya tatu. Lori la makaa tulilikuta Mpemba, na nililipita bila mtu yeyote kugeuza shingo. Ndani ya gari mnong'ono ulisikika toka kiti cha nyuma hadi cha mbele, na mama, ambaye kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa na haja ya kupaza sauti, alirudi kwenye desturi yake.

"Mwambie mumeo apunguze kwenye matuta. Mayai yako mapajani mwako."

"Anasema upunguze kwenye matuta."

"Mwambie nimesikia."

"Amesikia, mama."

Tulifika dakika nane kabla ya saa nne. Muuguzi mwenye orodha alikuwa amekwisha kuweka kidole kwenye jina la mama, na mwanamke aliyekaa benchi la karibu alikuwa amekwisha kunyanyuka nusu. Alikaa tena. Sikuweza kumtazama usoni, kwa kuwa nilijua kwamba nilikuwa nimekaribia kumpa nafasi ambayo haikuwa yangu kuitoa. Mama aliingizwa ndani saa sita. Daktari alipokea mayai kwa mikono miwili, jambo lililomfanya mama aseme, kabla hajaguswa, kwamba huyu anajua kazi.

Kesho yake asubuhi kitambaa kiliondolewa kwenye jicho la kulia. Mimi nilisimama karibu na mlango, mahali pa mkwe. Alifumba, akafumbua, akatazama dirisha kwa muda mrefu. Akatazama mikono yake. Akamtazama binti yake, akampapasa shavu, akasema amekonda. Kisha macho yake yakapita upande wangu, kwa kasi, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya watu waliokaa kula, akayageuza haraka kunako ukuta. Yalinitosha.

"Mwambie mumeo," akasema, "kwamba amezeeka."

"Anasema umezeeka, baba watoto."

"Mwambie nilizeeka jana."

Mke wangu akalifikisha, na mama akacheka ndani ya khanga.

Muuguzi wa zamu alikuja na karatasi za kuruhusiwa. Aliandika jina la mgonjwa, kijiji na dawa, akafika kwenye mstari mmoja, akainua kalamu, akanitazama mimi kwa kuwa ndimi niliyeshika ufunguo wa gari.

"Aliyemfikisha mgonjwa hospitali. Niandike jina lako, mwalimu?"

Nilikuwa nimekwisha kusafisha koo, kama ninavyofanya kabla ya kuzungumza mbele za watu. Mke wangu alikuwa anakunja khanga za mama yake na hakuinua macho. Nilimwambia muuguzi kwamba hapana, si mimi. Mimi nilishika usukani tu, na kwa sehemu kubwa ya njia nilikuwa nimemzuia aliyemfikisha. Akauliza ni nani basi. Jina lake halisi, kwa desturi ya nyumba ile, si halali kwangu kulitamka. Nikaiomba kalamu, nikaandika mwenyewe, kwa mwandiko wa ubaoni, jina pekee ninaloruhusiwa: Mama Mkwe.